Jinsi ya kukusanya filamu za taharuki zilizosahaulika, na kuzitazama zikakuingia

Anayetaka kukusanya filamu za zamani za taharuki hapa Uganda aanze kwa kukubali kwamba hatakusanya kila kitu. Kati ya miaka ya 1940 na 1970, filamu za mauaji, za wapelelezi, za mtu anayefuatwa usiku asijue anafuatwa na nani, zilitengenezwa kwa wingi mno Marekani, Uingereza, Ujerumani Magharibi, Italia na India. Nyingi zilionyeshwa wiki mbili tatu, zikapisha nyingine, zikasahaulika. Ukizikimbilia zote utajaza kabati na bado hutajua una nini. Chagua pembe moja, uizoee, ujue nani alifanya kazi na nani, ndipo uhamie nyingine.

Mimi ni fundi wa redio na televisheni hapa Jinja. Nimekulia Walukuba, kwenye zile nyumba walizojengewa wafanyakazi wa viwanda, ambako jirani wa kulia alikuwa Msamia, wa kushoto Mlugbara, wa nyuma Mjaluo, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha uani. Marehemu baba alifanya kazi Nytil, kiwanda cha nguo. Siku hizi watu hawaleti deki za video tena, lakini kwa miaka mingi zilipita mezani pangu, na mara nyingi mteja alichukua deki yake akaniachia kaseti iliyokuwa imekwama ndani. "Hiyo kaa nayo, fundi." Nilikaa nazo. Kabati langu lilianzia hapo, na ndiyo maana mengi nitakayosema yanahusu kanda kuliko diski.

Msimamo wangu ni kwamba mwenye filamu kumi anazozijua amemzidi mwenye mia nne zilizopangwa vizuri. Kuijua filamu ni kujua hofu yake inatengenezwa wapi, na kujua nakala uliyoshika ni ipi. Hayo mawili ndiyo nitakayoyafuata mpaka mwisho.

Pembe za kuanzia

Kwetu pembe nyepesi ni ya Kihindi. Kabla ya 1972 majumba mengi ya sinema katika miji yetu yalikuwa ya Wahindi, na picha za Bombay ziliwafikia hata wazee wasiojua neno la Kihindi. Mwaka huo Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, majumba yale yalibaki bila wenyewe na baada ya muda yakageuzwa matumizi. Norman Cinema ya Kampala leo ni kanisa. Lakini waliokaa kwenye viti vile bado wapo, na hilo ni jambo ambalo mkusanyaji wa Ulaya hana: unaweza kumuuliza mzee wa mtaani kwako filamu fulani ilipokelewaje, watu walipiga kelele wapi, nani alitoka nje akilia.

Anza na ndugu wawili. B. R. Chopra alitoa Kanoon mwaka 1960, kisa cha mahakamani kisicho na wimbo hata mmoja, katika enzi ambayo nyimbo ndizo zilizouza tikiti. Mwaka 1969 mdogo wake, Yash Chopra, akaongoza Ittefaq, nayo haina wimbo. Zote mbili yumo mwigizaji Nanda, na muziki wa chinichini katika zote mbili ni wa Salil Chowdhury. Zitazame kwa kufuatana, hata kama utazipata kwa miaka tofauti. Utaona nyumba moja ikilifanyia kazi wazo moja kwa karibu miaka kumi: kwamba ukimnyima mtazamaji wimbo, unamnyima mahali pa kupumzikia.

Ittefaq ni ya usiku mmoja. Mchoraji anayeshtakiwa kumuua mkewe anatoroka kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili alikofungiwa, mvua inanyesha, anaingia nyumba ya mwanamke aliye peke yake. Unajua wa kumwogopa ni nani. Kisha kuna bafu, na kuanzia hapo hujui tena. Sitasema zaidi. Filamu hizi zina siri, na mkusanyaji anayefichua siri kabla mwenzake hajatazama anamwibia.

Pembe ya pili ni ya filamu za Marekani za bei ndogo, nyeusi na nyeupe, fupi, nyingi hazifiki dakika 90. Hapa kuna neema ya kisheria. Kwa sheria ya Marekani ya wakati huo, filamu yao iliyotoka kabla ya 1964 ilihitaji mwenyewe aandikishe upya hakimiliki yake ilipofika mwaka wa 28. Wengi hawakuandikisha, na filamu zao zikawa mali ya umma huko. Ndiyo maana unaweza kupakua D.O.A. ya 1950 au The Hitch-Hiker ya 1953 kwenye tovuti ya Internet Archive bila kumwibia mtu. Ubaya wake ni kwamba kwa kuwa hazina mwenyewe, kila mtu alizinakili kutoka nakala ya nakala, na nyingi zimefifia mpaka nyuso zimekuwa unga. Pakua matoleo matatu ya filamu moja, uyaweke sambamba kwenye tukio lilelile la giza, ubaki na lile ambalo bado unaona kilicho ndani ya kivuli.

Tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaijua sheria: steringi, yaani shujaa wa picha, hafi. Sasa mtazame mwigizaji Edmond O'Brien katika D.O.A. Filamu inaanza kamera ikiwa mgongoni pake, anapita korido baada ya korido za kituo cha polisi, uso hatuuoni. Anafika kwa ofisa na kusema amekuja kuripoti mauaji. Nani ameuawa? Yeye. Ametiliwa sumu, haina dawa, na muda uliobaki anautumia kumtafuta aliyemuua. Mtoto wa kibanda akikutana na filamu hiyo anakaa wima. Baadaye kuna mahali anapokimbia barabarani San Francisco akiwagonga watu. Wale wanaogeuka kumshangaa ni wapita njia wa kweli, hawakuambiwa kwamba kuna filamu. Rudia hapo polepole uwatazame nyuso zao.

Pembe ya Ulaya nitaipitia haraka kwa sababu nakala zake hapa kwetu ni adimu. Kampuni ya Rialto ilianza mwaka 1959 kutengeneza mfululizo wa Kijerumani kutokana na riwaya za Mwingereza Edgar Wallace, Hamburg na Berlin zikijifanya London, ukungu mwingi, vicheko vya gizani, na Klaus Kinski akitokea mara kwa mara kama mtu wa kutiliwa shaka. Waitaliano wakaja na ya kwao, ya glovu nyeusi na kisu, mwongozaji Mario Bava akiwa mbele. Ukipata yoyote kati ya hizo kwenye rundo la kanda Uganda, chukua, uliza maswali baadaye.

Kuzitafuta

Zamani kila mtaa ulikuwa na maktaba ya video. Zilipofungwa, kanda hazikutupwa zote. Ziliingia kwenye magunia, magunia yakapanda darini. Kwa hiyo usianzie soko la Owino, Kampala. Anzia kwa watu waliowahi kuwa na biashara hiyo, au wajane wao. Nenda mchana, salimia, kaa kidogo, ndipo useme kilichokuleta.

"Mama, zile kaseti za marehemu mzee bado mnazo?"

"Ziko juu ya dari, mwanangu. Ukizitaka chukua zote, usinichagulie."

Chukua zote. Kwanza ni adabu, maana mama anataka nafasi yake. Pili, kaseti isiyo na lebo ndiyo mara nyingi yenye kitu. Watu walirekodi kutoka televisheni usiku, wakaandika juu yake "picha ya polisi" au hawakuandika kitu. Ndani yake unaweza kukuta filamu isiyo na mwanzo, na baada yake kipande cha taarifa ya habari au tangazo la sabuni. Usikifute kile kipande. Tangazo lile linakusaidia kukadiria mwaka iliporekodiwa, na pengine hakuna mwingine aliyelihifadhi.

Bei isikusumbue sana. Mimi hulipa kwa gunia zima, si kwa kaseti, na nikikuta moja yenye thamani kubwa nikarudi kwa mwenyewe kumwambia, uhusiano unabaki mzuri na gunia la pili linakuja.

Kukagua kaseti kabla haijaingia popote

Hapa nataka uende taratibu, kwa sababu kaseti moja mbaya inaharibu deki, na deki iliyoharibika inaharibu kaseti zote zinazofuata.

Ishike kaseti kwenye mwanga wa mchana, uitazame kupitia kile kidirisha. Utepe uliojisokota kwenye gurudumu unapaswa kuwa mweusi wa kung'aa na laini pande zote. Ukiona vumbi jeupe, au madoa ya kijivu yaliyopangika kama pete, huo ni ukungu. Jinja tuko mdomoni mwa ziwa, unyevu hauishi, na dari ya mabati inapata joto mchana na kupoa usiku; ukungu haukosi. Nusa pia. Harufu ya chumba kilichofungwa si tatizo, lakini harufu kali ya uchachu ni dalili kwamba utepe umeanza kuharibika. Kisha bonyeza kile kitufe kidogo cha ubavuni, uinue kifuniko cha mbele, utazame ukingo wa utepe: ukiwa umekunjwakunjwa, sauti itayumba, maana kwenye kanda za VHS sauti ya kawaida imeandikwa ukingoni.

Yenye ukungu usiitie kwenye deki unayoipenda, hata kwa "kuangalia tu". Hedi za deki, yaani vichwa vinavyosoma utepe, zimekaa kwenye ngoma inayozunguka mara 1,500 kwa dakika, na chembe zile zitasambaa kila mahali. Ifunge kwenye mfuko, itenge. Ukiwa tayari kuisafisha, fungua skrubu za chini, kwa kawaida ni tano, kisha igeuze ganda la juu liwe juu, ulinyanyue polepole, kwa sababu kuna springi na vigurudumu vidogo vinavyoruka. Nenda nje, funika pua na mdomo. Kitambaa kisichotoa nyuzi, spiriti safi ya isopropili, zungusha magurudumu kwa mkono na upitishe utepe wote katikati ya kitambaa, ukibadilisha sehemu ya kitambaa kila kinapochafuka. Ni kazi ya jioni nzima kwa kaseti moja, maana utepe wa saa tatu una urefu wa zaidi ya mita 250. Kwa hiyo jiulize kwanza kama filamu hiyo inapatikana kwingine kwa hali nzuri zaidi. Kama inapatikana, acha. Kama ni rekodi ya televisheni, au ina sauti ya mtu wa hapa, fanya.

Hedi nazo zina adabu yake. Tumia kipande cha ngozi laini kilicholoweshwa spiriti, kikandamize kidogo ubavuni mwa ngoma, mkono wako utulie, kisha uizungushe ngoma kwa mkono mwingine kutoka juu. Usisugue kwenda juu na chini hata mara moja. Hedi ni nyembamba na inavunjika. Pamba za masikio ziache, nyuzi zake hunasa.

Kuhifadhi ni rahisi. Rudisha kanda mwanzo, isimamishe wima kama kitabu, mbali na ukuta unaolowa, mbali na spika, juu kidogo ya sakafu. Vile vifuko vya chembe nyeupe vinavyokuja kwenye viatu vipya usivitupe, viweke kabatini.

Kujua nakala yako ni ipi

Kila filamu kwangu ina kadi ya karatasi ngumu. Juu yake naandika jina lililo kwenye ganda, kisha jina linalotokea kwenye filamu yenyewe, kwa sababu mara nyingi hayafanani. Halafu mwongozaji, mwaka, lugha, mfumo wa kanda, imetoka kwa nani, ina kasoro gani. Na urefu, nilioupima mwenyewe kwa saa, sio ule ulioandikwa.

Urefu ndio unaowachanganya wengi. Filamu ya sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde. Televisheni zetu za enzi ya kanda zilikuwa za mfumo wa PAL, ambao ni picha 25 kwa sekunde, na kwa kawaida filamu huharakishwa kidogo ili zilingane. Kwa hiyo filamu ya dakika 100 huisha dakika ya 96 bila kukatwa chochote, na sauti za watu hupanda kidogo sana. The Hitch-Hiker ni ya dakika 71. Kwenye kanda ya PAL iliyo kamili inaisha kama dakika ya 68. Ukipata 68 usilalamike. Ukipata 60, hapo kuna kilichokatwa, na kazi yako ni kujua ni kipi. Kanda ya Marekani ya mfumo wa NTSC ukiitia kwenye deki ya PAL pekee picha itayumba au haitatokea vizuri. Tafuta deki inayokubali mifumo yote miwili, wala usiseme kanda imekufa.

Kuna filamu ambazo kwa kweli ni mbili. Ile ya Bava ya 1963, La ragazza che sapeva troppo, kuhusu msichana Mmarekani anayeshuhudia mauaji akiwa Roma ilipelekwa Marekani mwaka uliofuata kwa jina The Evil Eye, muziki wa Roberto Nicolosi ukatolewa na kutiwa wa Les Baxter, na habari ya sigara za bangi anazopewa ndani ya ndege ikaondolewa. Ya Kiitaliano ina wasiwasi zaidi, ya Kimarekani ina vichekesho zaidi. Aliye na moja akadhani ameiona filamu, ameona nusu ya habari. Kadi yako ndiyo itakayokuambia una ipi.

Diski sina mengi ya kusema. Uganda iko kwenye eneo namba 5 la DVD. Za Uingereza ni namba 2, za Marekani namba 1, na za India nyingi hazina mpaka. Angalia kile kidude cha dunia chenye namba nyuma ya kasha kabla hujalipa. VCD ni za picha duni, lakini kwa filamu za Kihindi zilizokosekana kwingine, chukua, ukihakikisha diski zake zote zimo, kwa sababu moja haibebi filamu nzima.

Ukihamisha kanda kwenye kompyuta, nasa picha kwa ukubwa wake wa asili, 720 kwa 576, usiibane sana, na uiweke mahali pawili tofauti. Hiyo ni ya kujihifadhia. Kuzidurufu na kuuza kazi ya watu ambayo bado ina mwenyewe ni kuvunja sheria, na Uganda ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2006.

Sauti ya VJ

Mkusanyaji wa hapa ana hazina ambayo wengi kwingine hawana. Kwenye vibanda vyetu kuna VJ, yule anayetafsiri filamu huku inaendelea, kwa Kiganda mara nyingi, akiweka sauti yake juu ya sauti zote, akiwapa wahusika majina ya mitaani. Jingo na Junior ni majina yanayojulikana kila kona. Kaseti au diski ya filamu ya kale yenye sauti ya VJ ni toleo la peke yake, limefanyika Uganda na halitapatikana kwingine. Wapo wanaoziona takataka kwa sababu "zimeharibiwa". Mimi naziweka rafu ya juu.

Hata hivyo, kwa filamu ya taharuki nashauri utazame ya asili kwanza. VJ anapenda kukuonyesha adui mapema, na taharuki inataka ukae usijue. Halafu tazama ya VJ, na usikilize anaponyamaza. Mtu ambaye kazi yake ni kusema bila kituo akinyamaza kwa dakika nzima, tukio hilo limemshika. Andika dakika hiyo kwenye kadi. Nimegundua matukio mazuri mengi zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa kusoma vitabu.

Kutazama

Mara ya kwanza tazama kwa ajili ya hofu. Usiku, taa imezimwa, simu iko chumba kingine, watoto wamelala. Usisimamishe. Umeme ukikatika katikati, usiendelee kesho pale ulipoachia. Anza mwanzo, kwa sababu hofu hupandishwa hatua kwa hatua na ukiruka ngazi hutaihisi.

Mara ya pili, siku nyingine, tazama na daftari. Mimi huuliza maswali matatu. Nani anajua nini sasa hivi? Sauti inatoka wapi? Mlango uko wapi?

Nitakuonyesha kwa The Hitch-Hiker, kwa sababu hakuna filamu niliyoirudia zaidi. Iliongozwa na Ida Lupino, mwigizaji aliyehamia nyuma ya kamera, na imesimama karibu yote juu ya wanaume watatu katika gari moja: marafiki wawili waliokwenda kuvua samaki Mexico, na mwuaji waliyempa lifti. Mmoja wa wale marafiki ni O'Brien yuleyule wa D.O.A. Mwuaji ni William Talman, na jicho lake moja halifungi. Usiku wanapolala jangwani, amelala mbele yao na bunduki, jicho liko wazi, nao hawajui kama amelala au anawatazama. Hebu liulize tukio hilo swali la kwanza. Wale wawili hawajui. Sisi hatujui. Anayejua ni yeye tu, na hasemi kitu. Swali la tatu: mlango hakuna, jangwa lote liko wazi, na bado hawawezi kutoka. Lupino ametengeneza chumba kilichofungwa kwa kope moja isiyoshuka. Mpiga picha Nicholas Musuraca anaiacha taa igonge uso huo tu, kwingine giza.

Kuna na lugha. Mwuaji hajui Kihispania, rafiki mmoja anajua. Wanapokutana na Wamexico, Kihispania kinazungumzwa bila tafsiri chini ya picha, naye mwuaji anakasirika kwa sababu haelewi kinachosemwa mbele yake. Mtazamaji asiyejua Kihispania amewekwa upande wa mwuaji, kwenye ujinga uleule. Mtu wa Walukuba analielewa hilo bila kufundishwa: sote tumewahi kusimama dukani watu wawili wakasemezana kwa lugha ya kwao, tukahisi damu inapanda shingoni. Lupino alilijua hilo mwaka 1953, akalitumia bila kulieleza.

Swali la sauti ndilo gumu, kwa hiyo lifanyie zoezi. Geuzia televisheni mgongo, sikiliza dakika kumi bila picha. Katika filamu mbaya utasikia muziki ukikuambia uogope. Katika nzuri utasikia kiatu, mvua, kiti kinachosogezwa, na muziki utakuja umechelewa. Ittefaq ukiisikiliza hivyo utagundua mvua inafanya kazi ambayo kwingine ingefanywa na nyimbo.

Baada ya hapo kaa na mzee aliyeiona zamani, au na kijana ambaye hajaona kitu cha aina hiyo. Wazee wana kumbukumbu zinazopishana na filamu yenyewe. Mzee mmoja wa hapa mtaani anashikilia kwamba katika filamu fulani ya Kihindi mwuaji alianguka darini. Kwenye nakala yangu anakamatwa. Sikumbishia. Nimeandika alivyosema nyuma ya kadi, kwa sababu huenda aliona toleo jingine, na siku nikilipata nitajua nitazame nini.

Kuazimisha

Azimisha. Filamu isiyotazamwa na mtu haina faida kabatini. Lakini weka daftari: jina la anayechukua, tarehe, na deki atakayoitumia. Hilo la tatu watu huliruka. Deki iliyokaa chini ya kitanda miaka kumi ina vumbi kwenye hedi na mpira uliolegea, na inaweza kuutafuna utepe ndani ya dakika ya kwanza. Kwa hiyo kwangu utaratibu ni mmoja: anayetaka kaseti alete deki yake kwanza. Nitaifungua, nitaisafisha bure, nitaijaribu kwa kaseti isiyo na thamani mbele yake, na ikipita salama anaondoka na zote mbili.